Bakuli Halitaki Jua: Namna ya Kukausha Kazi ya Mkerezo Bila Nyufa

Bakuli la mbao huharibika mara nyingi baada ya mashine kuzimwa. Fundi amepata gogo la mgrivilea kutoka shamba la jirani, amelikereza lingali linatoa maji, kisha ameweka bakuli kwenye rafu karibu na dirisha ili lipate hewa, akaenda zake. Siku ya tatu anakuta ufa umeanzia mdomoni na kushuka hadi karibu na kitako. Kazi ya siku nzima imegeuka kuni. Atalaumu mti, au mwezi ambao mti ulikatwa, au patasi isiyokata vizuri. Mara nyingi hakuna kati ya hivyo chenye kosa. Kosa ni mahali bakuli lilipowekwa na kasi ambayo maji yalilitoka, na kosa hilo linaepukika kwa vitu ambavyo karibu kila mtu anavyo nyumbani.

Ninawaandikia mafundi wa Kamere na vituo vingine vya kusini mwa Ziwa Naivasha: mwenye mashine ya kukereza ndani ya karakana ya mabati, kijana anayejifunza kazi kwake, na mama anayeuza mabakuli kwa watalii na kurudishiwa yaliyopasuka. Neno langu kwenu ni moja. Msilitafutie bakuli joto. Litafutieni kivuli, na mhakikishe kwamba linakauka polepole na kwa usawa, nje na ndani.

Kwa nini mbao hupasuka

Maji hukaa ndani ya mti kwa namna mbili. Kuna maji yaliyojaa katika vijitundu vya mti, na kuna maji yaliyoshikwa na kuta za vijitundu hivyo. Yale ya kwanza ndiyo yanayokurukia usoni unapokereza gogo bichi, nayo hutoka bila mti kubadilika umbo. Yakiisha, mbao hubaki na unyevu wa takriban asilimia 30 ya uzito wake mkavu. Kuanzia hapo kushuka chini, kila tone linalotoka linaifanya mbao inywee.

Nayo hainywei sawa kila upande. Ukifuata mzunguko wa pete za ukuaji, hunywea takriban mara mbili ya inavyonywea kutoka katikati ya gogo kwenda kwenye gome. Kwa urefu, kufuata nyuzi, kunywea kwake ni sehemu moja au mbili tu katika elfu. Ndiyo maana bakuli lililokuwa duara likiwa bichi huwa na umbo la yai likikauka. Hilo lisikutie hofu. Bakuli lililopinda hurekebishwa kwenye mashine.

Kupasuka ni jambo jingine. Bakuli hupasuka pale sehemu ya nje inapokauka na kutaka kunywea, huku ndani kungali na maji na hakuko tayari kuifuata. Tazama tope la ufuoni ziwa linaporudi nyuma: juu hukaushwa na jua, chini kungali kubichi, na tope zima hugawanyika vipande. Mbao hufanya vivyo hivyo.

Sehemu inayopoteza maji upesi kuliko zote ni pale nyuzi zilipokatwa ncha. Chukua bakuli lililokerezwa kutoka nusu ya gogo, ulizungushe polepole penye mwanga. Utaona pande mbili zinazotazamana zenye rangi nzito zaidi, ambako ukipitisha kidole unahisi ukwaru mdogo hata baada ya patasi kali. Hapo ndipo nyuzi zimekatwa ncha. Pande nyingine mbili hung'aa, kwa kuwa nyuzi zimelala. Ufa wa kwanza, ukija, utaanzia kwenye zile pande nzito, ukingoni mwa mdomo, mahali ambapo hewa hupiga kutoka ndani na nje kwa pamoja. Ukishazijua pande hizo mbili umejua pa kulinda.

Hewa ya Kamere

Wengi hudhani kwamba kuishi kando ya ziwa ni kuishi kwenye hewa yenye unyevu. Kwetu sivyo. Tuko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, katikati ya milima ya Nyandarua upande wa mashariki na safu ya Mau upande wa magharibi, na milima hiyo huchukua mvua kabla haijatufikia. Naivasha hupata mvua ya takriban milimita 650 kwa mwaka, kiasi kidogo ukilinganisha na nyanda za juu zinazotuzunguka. Alasiri upepo huvuma kwa nguvu ziwani, na wenye mashua wanajua saa ya kurudi ufuoni. Upepo huohuo hupita kwenye nyufa za karakana zetu na kunyonya maji kwenye kila kitu kilicho wazi.

Ongeza mabati. Mchana paa la bati hugeuza chumba kuwa tanuri, hewa ya juu karibu na paa ikiwa kavu kuliko ya chini. Usiku baridi hushuka, na karakana nzima inapoa. Bakuli lililowekwa kwenye rafu ya juu hupigwa na joto na ukavu kila mchana, siku baada ya siku. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya Kamere ni hii: bakuli bichi hukaa chini, karibu na sakafu, mbali na mlango na dirisha, kamwe si juu ya kabati wala kwenye boriti.

Eneo letu pia lina kishawishi chake. Umeme wa mvuke wa Olkaria ulianza kuzalishwa mwaka wa 1981, na shamba la Oserian limetumia joto la ardhini kupasha vitalu vya waridi. Anayeishi karibu na joto jingi namna hiyo huona kama dawa ya mbao mbichi ni kuipasha. Ni kweli kwamba viwanda hukausha mbao kwa joto, lakini hufanya hivyo ndani ya vyumba vilivyofungwa, vyenye mvuke na vipimo vya unyevu, ili hewa isikauke kupita kiasi. Ukichukua joto bila kipimo cha unyevu, yaani jua la mchana, jiko la makaa au paa la bati, umechukua nusu ya kazi iliyo mbaya na kuiacha nusu iliyo nzuri.

Majira nayo yana maana. Januari na Februari ni kavu na zenye upepo. Kazi iliyoanzwa miezi hiyo inahitaji kufungwa mara mbili. Aprili na Mei, mvua ndefu zikinyesha, adui hugeuka kuwa ukungu, na bakuli linataka hewa zaidi. Juni hadi Agosti kuna baridi na mawingu, na hiyo ndiyo miezi bora ya kukereza kazi mbichi kwa wingi. Mwenye nafasi ya kupanga kazi yake apange hivyo: mkerezo wa kwanza wakati wa baridi, mkerezo wa mwisho mwanzoni mwa mwaka.

Mti upi

Kwa miaka mingi wachongaji Wakamba, ambao ufundi wao wa biashara huhusishwa na Mutisya Munge wa Wamunyu aliyejifunza Tanganyika wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, walitegemea mpingo na muhugu. Miti hiyo ilipoadimika, wengi waligeukia mjakaranda, mwembe na mwarobaini. Sisi wa bondeni tumo kwenye njia hiyohiyo. Miti tunayoipata ni ya mashambani na ya mipakani, inakua haraka, inabeba maji mengi, na kwa hiyo ukaushaji ndio unaoamua kama itakuwa mali.

Anayeanza aanze na mjakaranda. Ni mwepesi, haufanyi patasi kuwa butu, na hukauka kwa utulivu kuliko mingi. Mgrivilea unafuata: una michirizi mizuri inayong'aa, hupatikana kila mahali, lakini hupinda zaidi, na utomvu na vumbi lake huwasha ngozi ya baadhi ya watu. Vaa mikono mirefu na ufunike pua. Mwembe na mparachichi hukauka bila shida kubwa, ila huingia madoa ya kijivu na buluu upesi. Magogo yake yakilala wiki mbili kwenye joto, rangi imekwenda.

Mgunga wa gome la manjano, mti ambao ndio sura ya ziwa letu, una mbao ngumu, nzito, yenye wekundu wa kupendeza, na hupasuka kwa urahisi usipokaushwa kwa uangalifu. Mzeituni wa mwituni, mutamaiyo kwa Kikuyu, ni mzito zaidi na unahitaji subira kuliko yote. Hiyo miwili iachie siku utakapokuwa umekausha mingine bila hasara. Mkaratusi usiuguse kwa mabakuli. Hujisokota na kuporomoka kwa ndani unapokauka, na utapoteza muda wako.

Tangu maji ya ziwa yalipopanda mwaka wa 2020, kuna migunga iliyokufa ikiwa imesimama majini. Inaonekana kama mali isiyo na mwenyewe. Iacheni. Ufuo unalindwa na sheria, na mti uliokufa umesimama mara nyingi huwa umepasuka ndani na kutobolewa na wadudu. Hata mti wa shambani una taratibu zake: zungumza na mwenye shamba, chifu na ofisi ya misitu kabla ya kukata na kabla ya kusafirisha.

Gogo kabla ya mashine

Nyufa nyingi huanza kabla fundi hajawasha mota. Gogo likikatwa, ncha zake huanza kukauka saa hiyohiyo. Kwa hiyo likate refu, usilikate vipande vya ukubwa wa bakuli na kuviweka akiba. Gogo la mita moja litapasuka ncha, utakata sentimita 10 kila upande na kupata mbao nzima katikati. Kipande cha sentimita 30 kikipasuka hakikuachii kitu.

Ziba ncha siku ileile ya kukata. Nta, gundi nyeupe ya mbao, au rangi ya mafuta iliyobaki kwenye kopo, yoyote itafaa mradi ipakwe nzito. Weka gogo kivulini, juu ya vipande vya mbao ili lisiguse udongo, na ulifunike kwa gunia. Kisha likereze mapema. Gogo lililokaa miezi likisubiri nafasi lina nyufa ndani ambazo huzioni.

Wakati wa kupasua, toa kiini, yaani lile doa la katikati kabisa ya gogo ambalo pete zote hulizunguka. Bakuli lenye kiini ndani yake litapasuka, hata likikaushwa na fundi stadi, kwa sababu pete zinazolizunguka hunywea na hazina pa kwenda. Pasua gogo kupitia katikati, halafu ondoa ubao wa sentimita 2 au 3 kila upande wa kiini. Ubao huo usiutupe. Utatoa miko na vibao vya kukatia mboga.

Mkerezo wa kwanza

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, na fundi wa bakuli anafuata neno hilo. Gogo bichi hukatika kwa ulaini, halitoi vumbi, na likishakerezwa kuwa bakuli nene hukauka kwa miezi badala ya miaka ambayo gogo zima lingehitaji.

Unene wa mkerezo wa kwanza ni sehemu moja ya kumi ya upana. Bakuli la sentimita 30 liache na unene wa sentimita 3. La sentimita 20 liache na 2. Kipimo hiki kina sababu, na ni vizuri uijue ili usishawishike kukipuuza. Tuseme bakuli la sentimita 30 limenywea asilimia 5 upande unaokata nyuzi, na upande unaofuata nyuzi haukubadilika. Sasa lina sentimita 30 kwa 28.5. Duara kubwa unaloweza kupata nje ni la 28.5. Kama uliacha unene wa sentimita 3, tundu la ndani upande mrefu lina sentimita 24, na bado una zaidi ya sentimita 2 za mbao ya kufanyia kazi kila upande. Kama uliacha sentimita 1 tu, tundu lina 28, na kilichobaki ni milimita 2 na nusu kabla hujagusa patasi. Bakuli hilo haliwezi tena kuwa duara.

Kuacha unene mkubwa zaidi ya hapo si usalama pia. Mbao nene hukauka nje ikiwa bado mbichi ndani, na tumerudi kwenye tope la ufuoni. Jambo kubwa zaidi ni usawa: mdomo, ubavu na kitako viwe na unene mmoja. Mafundi wengi huacha kitako kizito kwa kuogopa kukitoboa. Kitako hicho kikibaki kibichi wakati ubavu umekauka, ufa huzuka pale vinapokutana. Pima kwa kalipa, usikisie kwa kidole. Acha pia kishikio kipana cha kutosha chini, kwa sababu nacho kitakuwa umbo la yai na itabidi ukikereze upya ili mashine ikibane. Mwisho, viringisha ukingo wa mdomo. Ukingo mkali ni mwembamba, na wembamba hukauka kwanza.

Kuziba na kufunga

Bakuli likitoka kwenye mashine lisikae wazi hata wakati wa chakula cha mchana. Futa maji, kisha ziba zile pande mbili za ncha, nje na ukingoni. Kwa miti tulivu kama mjakaranda hiyo inatosha. Kwa mgunga na mzeituni paka sehemu yote ya nje na uache ndani bila kupaka. Nta ya nyuki au ya mishumaa ndiyo bora. Iyeyushe kwenye kopo lililosimama ndani ya sufuria ya maji ya moto, usiiweke motoni moja kwa moja, maana nta hushika moto ghafla na karakana yetu imejaa maranda.

Baada ya hapo, karatasi. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Kenya tarehe 28 Agosti 2017, na hata kabla ya hapo ilikuwa mibaya kwa kazi hii, kwa kuwa hufungia maji ndani na kuotesha ukungu. Karatasi hupumua. Mifuko ya unga wa ugali ya kilo 2 inafaa mabakuli madogo. Kwa makubwa tumia mfuko wa simiti uliokung'utwa vizuri, ukiacha safu za karatasi zilizo safi. Funga bakuli lote, tabaka moja wakati wa baridi, mbili au tatu Januari. Liweke ndani ya boksi la katoni, ulifunike, na uliweke chini ya meza.

Maranda yanasaidia pia, kwa sharti kwamba yawe makavu. Kulizika bakuli kwenye maranda mabichi yaliyotoka nalo kwenye mashine ni kulioza. Jaza boksi maranda ya wiki zilizopita, uyabadilishe yakishika unyevu.

Wiki mbili za kwanza ndizo hatari. Fungua kila baada ya siku mbili au tatu, badilisha karatasi iliyoloa, tazama ukingo, funga tena. Baada ya hapo unaweza kufunua ndani ya bakuli na kuacha nje kumefungwa. Sehemu ya ndani ikitangulia kidogo kukauka, hunywea na kuubana ukingo, na ukingo uliobanwa haufunguki kwa urahisi. Mwezi wa pili toa kwenye boksi, acha kwenye karatasi. Mwezi wa tatu panga mabakuli wazi kwenye chanja ya chini, yakiwa yamepinduliwa, na hewa ikipita kati yao. Bakuli la unene wa sentimita 3 litahitaji miezi minne hadi sita. Mzeituni unaweza kudai zaidi.

Acha mizani iamue

Usitegemee mkono kukuambia bakuli limekauka. Nje hudanganya. Nunua mizani ya jikoni, au uombe kupimia kwa muuza duka, na uandike kwa penseli kwenye kitako: aina ya mti, tarehe na uzito. Pima kila wiki.

Tuseme bakuli bichi la mgrivilea lina kilo 2, na unyevu wake ni asilimia 80 ya uzito mkavu. Mbao yenyewe ni gramu 1,111 tu. Likikauka kufikia asilimia 12, litakuwa na gramu 1,244 hivi. Yaani robo tatu ya lita ya maji itapita kwenye mbao hiyo kwenda hewani, na wewe kazi yako ni kuizuia isipite kwa pupa. Mwanzoni uzito hushuka haraka, kisha polepole. Ukiona umebaki palepale wiki tatu mfululizo, bakuli limefikia usawa na hewa ya Kamere, na kungoja zaidi hakutaongeza kitu.

Mizani pia huonya mapema. Bakuli linalopoteza uzito mwingi kuliko wenzake waliokerezwa siku moja limewekwa mahali pabaya. Lihamishe kabla halijapasuka.

Kuchemsha

Kwa miti migumu, na kwa fundi asiye na miezi sita, kuna njia ya kuchemsha. Bakuli la mkerezo wa kwanza huzamishwa kwenye maji yanayochemka kwa saa moja kwa kila sentimita 2.5 za unene, ukianza kuhesabu maji yanapochemka. Joto hulegeza mivutano iliyo ndani ya mbao na kuua mayai ya wadudu, na bakuli hukauka haraka zaidi baadaye bila kupinda sana. Kwa kuwa tuko juu, maji yetu huchemka kwa nyuzi 94 hivi badala ya 100, kwa hiyo ongeza dakika kidogo.

Tumia sufuria ya alumini. Pipa la chuma huugeuza mgunga na miti mingine yenye tanini kuwa nyeusi, na weusi huo hautoki kwa msasa. Weka jiwe juu ili bakuli lisielee, liache lipoe ndani ya maji hadi kesho yake, kisha lifunge kwa karatasi kama kawaida. Kuchemsha hakuondoi haja ya kufunga. Anayetoa bakuli motoni na kuliweka juani amepoteza kuni pamoja na bakuli. Sufuria hiyo isirudi tena jikoni kupikia.

Ufa na ukungu

Ukiona ufa mwembamba kama unywele, mimina gundi ya haraka ya kichupa, bana, na uongeze tabaka la karatasi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa bakuli haujengwi upya. Lakini ufa uliopita kutoka ndani hadi nje, au uliogusa kitako, umemaliza bakuli. Usilirudishe kwenye mashine. Kwa kasi ya mashine linaweza kugawanyika na kipande chake kikakupiga usoni. Kinga ya uso si anasa katika kazi hii.

Ukungu mweupe au wa kijani kwa nje si msiba. Usugue kwa brashi yenye siki, uache bakuli wazi kivulini nusu siku, badilisha karatasi. Matundu madogo yenye unga mweupe ni habari nyingine: ni wadudu. Tenga bakuli hilo mara moja, lichemshe au lichome, kabla hawajahamia mengine.

Mkerezo wa mwisho na mnunuzi

Bakuli lililokauka likereze hadi unene wa sentimita 1 au zaidi kidogo. Wembamba huo, ukiwa sawa kila mahali, huruhusu mbao kujinyoosha na kujikunja bila kupasuka. Mafuta na nta ya kung'arisha hupakwa sasa, si kabla. Mbao mbichi iliyofungwa kwa mafuta huoza ndani. Wafugaji wa Bonde la Ufa wamejua kwa vizazi kwamba chombo cha mbao kinachopakwa mafuta mara kwa mara hudumu, na mwambie mnunuzi wako afanye hivyo.

Mwambie pia ukweli mwingine. Wanaonunua mabakuli kando ya barabara ya Moi South Lake na karibu na malango ya Hell's Gate huenda nayo mbali. Nyumba za Ulaya wakati wa baridi hupashwa joto, na hewa yake hukausha mbao hadi asilimia 6 au 8, chini ya ukavu wetu. Bakuli lililokaushwa nusunusu hapa litapasuka huko Desemba, na aliyenunua hataulaumu mti. Atasema kazi ya Kenya haidumu, na atakayeumia ni fundi mwingine ambaye hajawahi kumwona.

Kwa hiyo, ndugu fundi, usikereze bakuli moja na kulingojea kwa njaa. Kereza mengi miezi ya baridi, yaandike, yafunge, na uendelee na kazi nyingine. Baada ya nusu mwaka utakuwa na mabakuli makavu kila mwezi na hutasukumwa na haraka ya mteja yeyote. Na bakuli ambalo mizani haijalipitisha, usiliuze.